Magoti ya Mnazi Pacha

Aliyekosea mbele ya watu atapiga magoti mbele ya watu, na hatainuka mpaka wimbo uishe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Lukwika Jazz, na katika Temeke nzima hakuwako mpenzi wa muziki wa dansi asiyeijua. Wateja wa Klabu ya Mnazi Pacha waliijua kuliko walivyozijua nyimbo zenyewe. Walilipa kiingilio ili wacheze, lakini wengi wao, kama wangesema kweli, walikuja wakitumaini kwamba mwanamuziki mmojawapo angekosea. Gitaa likiteleza, au mwimbaji akimeza neno, ukumbi mzima ulipaza sauti: "Magoti! Magoti!" Mkosaji aliweka chini chombo chake, akaja ukingoni mwa jukwaa, akapiga magoti juu ya mbao akiwaelekea wateja, bendi ikiwa mgongoni kwake. Wimbo ulipokwisha aliinuka, akamgeukia kiongozi na kusema, "Nashukuru, Kiongozi," kisha akarudi mahali pake.

Sheria hiyo aliitunga Kornelio Nandonde, kiongozi wa bendi na mpiga tarumbeta wake, ambaye watu walimwita Mwalimu. Aliitoa katika misheni ya kusini alikosomea, ambako padri aliyefundisha bendi ya shule aliwapigisha wavulana magoti juu ya changarawe kwa kila noti iliyopotea. Kornelio hakumchukia padri yule. Aliamini kwamba changarawe ile ndiyo iliyomtoa miongoni mwa wachunga mbuzi ikamweka miongoni mwa watu. Na kwa muda wote ambao Lukwika Jazz ilipiga katika Klabu ya Mnazi Pacha, kila mmoja wao alipata kupiga magoti: mpiga besi, wapiga gitaa, waimbaji, hata Stephano wa tumba, rafiki yake wa tangu ujana. Mtu mmoja tu hakupata kupiga, naye ni Kornelio mwenyewe.

Klabu haipo tena. Minazi miwili iliyoipa jina ilikatwa, ukumbi ukabomolewa, na mahali pale limejengwa ghala la saruji. Kornelio naye amekuwa mzee, anaishi Gongo la Mboto nyumbani kwa binti yake Yustina, ambaye ni kiongozi wa kwaya ya parokia. Goti lake la kulia limevimba na halikunjiki vizuri. Sikio lake la kushoto limekufa kabisa, na la kulia limebaki kusikia yaliyo mbele yake tu. Habari ya goti kila mtu anaijua, kwa sababu goti huonekana. Habari ya sikio hakumwambia mtu, hata Yustina. Kwake yeye mwanamuziki kiziwi ni jambo la kuchekesha, na yeye hakuwa mtu wa kuchekesha.

Kitu kimoja alikuwa amebaki nacho kikiwa kizima, nacho ni ile sifa ya kutokosea. Yustina alikua akiisikia. Aliwahadithia wanakwaya wake: "Baba yangu aliongoza bendi ujana wake wote, na hakukosea hata noti moja." Kornelio alipomsikia akisema hivyo alitazama pembeni, lakini alipenda.

Siku moja Stephano alikuja Gongo la Mboto, akaketi barazani, akavua kofia.

"Mwalimu, mie nimetumwa."

"Na nani?"

"Na Zubeda. Bado anaimba, na siku hizi bendi ni yake. Kila Jumapili alasiri tunapiga zilipendwa pale Tabata, kwenye ile baa yenye turubai. Mie nipo na tumba zangu, wengine vijana watupu. Wamepaka nywele rangi kama kasuku, lakini wanapiga. Anataka uje utupigie *Filomena*."

*Filomena* ulikuwa wimbo wa Kornelio, aliomtungia mkewe walipokuwa wachumba. Mke alikwisha kufa, na wimbo ulikuwa haujapigwa mahali popote tangu klabu ifungwe.

"Zubeda amesema hivyo kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Kasema, mwambie Mwalimu aje na tarumbeta yake, na asiache kuja na watu wake wa nyumbani."

Kornelio akauliza, "Sheria ya Mnazi Pacha bado mnaifuata?"

Stephano alicheka mpaka akakohoa. "Vijana wa leo? Ukimpigisha mmoja magoti, kesho umeitwa kituo cha polisi."

"Basi hamna bendi. Mna kikundi cha kusindikizia maharusi."

"Njoo wewe uturudishie sheria."

"Nikija," alisema Kornelio, "sheria inakuja pamoja nami. Mwambie hivyo."

Stephano aliacha kucheka. Akaivaa kofia yake, akaenda zake. Maneno yale aliyafikisha kama alivyoambiwa.

Zubeda binti Mbwana alijiunga na Lukwika Jazz kama mwimbaji akiwa bado msichana. Wazee wake walikuwa watu wa pwani, wenyeji wa Temeke tangu zamani. Baba yake, Mzee Mbwana Sadallah, alikuwa fundi cherehani na mtu wa msikitini, ambaye kwake klabu ya dansi ilikuwa mahali pa watu waliolaaniwa. Zubeda alimdanganya kwamba anakwenda kujifunza upishi kwa shangazi yake Kinondoni. Lakini sauti kama ile haifichiki, na mwishowe majirani wakamwambia mzee.

Akaja kujionea mwenyewe. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni katika kanzu yake nyeupe, mikono nyuma, wakati bendi inapiga *Filomena*. Wimbo ulikuwa umefika kwenye salamu. Salamu ni pale ambapo sehemu ya polepole imekwisha, gitaa moja linazunguka peke yake, na mwimbaji anawataja wateja kwa majina. Baada ya jina la mwisho tarumbeta hulia, na hapo chemko huanza, yaani ile sehemu ya kasi inayowainua watu vitini. Desturi ilikuwa kali hapo: mwimbaji asikawie, na tarumbeta isimkatize.

Zubeda alikuwa akiyataja majina huku akitabasamu. Macho yake yakafika mlangoni, na sauti ikamkauka. Gitaa likazunguka tupu, likazunguka tena, na wateja wakapata walichokitaka.

"Magoti! Magoti!"

Alipokuwa akija mbele, Stephano aliinama juu ya tumba zake akanong'ona, "Mwalimu, yule pale mlangoni ni baba yake. Fupisha wimbo."

"Wewe piga ngoma," alisema Kornelio.

Akapuliza tarumbeta kuanzisha chemko. Chemko ilipokaribia kwisha akainua kidole akakizungusha hewani, ishara ambayo kila mwanamuziki wake aliifahamu: rudieni. Wakarudia. Wimbo ulipofika mahali pa kumalizikia, kidole kikazunguka tena. Msichana alikuwa amepiga magoti katika gauni fupi la sare, machozi yakimtiririka pamoja na wanja, na wateja walicheza huku wakimwonyesha kwa vidole. Mzee Mbwana alitazama. Kornelio naye alimtazama Mzee Mbwana. Alisema moyoni kwamba mzazi aliyekuja kuona, na aone. Hakuufunga wimbo mpaka kanzu ile ilipogeuka na kutoka mlangoni.

"Nashukuru, Kiongozi," alisema Zubeda alipoinuka.

"Rudi mahali pako," alisema Kornelio.

Baba yake hakusema naye tena. Mlango wa nyumba alifungiwa usiku uleule, na alipofariki mzee, Zubeda alipata habari mazishi yakiwa yamekwisha. Kornelio aliambiwa hayo yote. Hayakumkosesha usingizi. Kwa hesabu yake msichana alikosea, akaadhibiwa, akarudi mahali pake, na mambo ya nyumbani kwa watu hayakuwa juu ya kiongozi wa bendi.

Jumapili ilipofika, Yustina alivaa kitenge kipya, akampigia baba yake pasi suti ya kahawia, wakaenda Tabata kwa bajaji. Njia nzima Kornelio aliipakata tarumbeta mapajani. Alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima akiwa amefunga mlango, na pumzi ilikuwa bado inamtii.

Chini ya turubai kulikuwa na viti vya plastiki, moshi wa nyama ya kuchoma, watoto wakikimbizana kati ya meza. Mbele kabisa waliketi wazee waliokuwa wateja wa Mnazi Pacha, baadhi yao na fimbo za kutembelea. Walipomwona Kornelio walisimama, aliyeweza kusimama, wakampigia makofi. Yustina alimshika mkono akambana vidole kwa furaha.

Zubeda alishuka jukwaani kuwapokea. Alikuwa mama mzima sasa, mwenye dera la zambarau na sauti iliyozidi kuwa nzito.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa, Zubeda."

"Nawe umekonda, Mwalimu. Kumbe kilo zako zote ninazo mie." Waliokuwa karibu walicheka. Akamgeukia Yustina. "Ndiye binti?"

"Ndiye. Anaongoza kwaya."

"Shikamoo, mama," alisema Yustina.

"Marahaba, mwanangu. Wewe usikae huku kwenye moshi." Akachukua kiti kwa mkono wake mwenyewe, akakipeleka mpaka kwenye lango la kuingilia, mkabala na jukwaa. "Kaa hapa. Hapa utamwona baba yako vizuri."

Kornelio aliona ni adabu njema.

Alipanda jukwaani kwa kusaidiwa, akasimama pale alipokuwa akisimama siku zote, ukingo wa kulia, bendi yote ikiwa kushoto kwake. Hakufikiri. Miguu ilikwenda yenyewe mahali pake pa zamani, na sikio lililokufa likawaelekea wenzake.

Zubeda alishika kipaza sauti. "Wa Mnazi Pacha mpo?"

"Tupo!"

"Mwalimu kamwambia Stephano kwamba akija, sheria inakuja pamoja naye. Ni kweli, Mwalimu, au Stephano kaongeza chumvi?"

Akamletea kipaza sauti mdomoni. Kornelio alinyoosha mgongo.

"Ni kweli. Bendi isiyo na sheria ni kelele."

Wazee walishangilia. Vijana waliuliza ni sheria gani, wakaelezwa meza kwa meza, wakacheka.

Wakaanza *Filomena*. Tarumbeta ilitoka safi tangu noti ya kwanza, na wazee waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Bibi mmoja alifunika uso kwa khanga. Kornelio aliona kwamba Yustina amejishika mashavu, na kwa mara ya kwanza tangu alipomzika mkewe alihisi kwamba hajapungukiwa na kitu. Beti zilipita. Wakafika kwenye salamu. Gitaa likabaki peke yake, na Zubeda akaanza kuwataja wateja.

Upande wa kushoto Kornelio alisikia mvumo tu, kama maji yanayopita mbali. Lakini alikuwa ameuongoza wimbo huu tangu siku ulipozaliwa, na alijua salamu zinachukua mizunguko mingapi ya gitaa. Alihesabu kwa ncha ya kiatu. Hakugeuza shingo kutazama mdomo wa mwimbaji, kwa sababu kiongozi anayetazama midomo ni kiongozi asiyejiamini. Hesabu ilipotimia aliinua tarumbeta akapuliza.

Zubeda alikuwa hajamaliza. Alikuwa ameongeza jina moja, nalo lilikuwa kinywani mwake. "Na wa mwisho," alikuwa akisema, "marehemu baba yangu, Mzee Mbwana Sa—" na tarumbeta ikalikanyaga jina lile katikati.

Gitaa lilinyamaza. Tumba hazikuanza. Kornelio alipuliza noti mbili peke yake kabla hajaona nyuso za watu.

Zubeda hakupandisha sauti. "Mwalimu," alisema katika kipaza sauti, "nilikuwa sijamaliza."

Safari hii alisikia, kwa maana alikuwa amegeuka. Mbele kule mzee mmoja aligonga fimbo yake chini, akasema kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu, "Magoti!" Wa pili akaitikia. Mara wote wakawa wanasema, na vijana, wakidhani ni mchezo uliopangwa, wakasimama na simu zao juu. "Magoti! Magoti!"

"Zubeda," alisema Stephano, akaja mpaka kwenye kipaza sauti na kukifunika kwa kiganja. "Zubeda dada yangu, mzee huyu ana goti bovu. Tucheke, yaishe."

"Siku ile nawe ulimwombea mtu. Alikujibuje?"

Stephano aligeuka kutaka kurudi kwenye tumba zake.

"Alikujibuje, kaka? Mie nilikuwa mbele, sikusikia. Uliniambia mwenyewe baadaye."

Kornelio angeweza kushuka. Angeweza kusema sikio langu limekufa, na hakuna ambaye asingemwonea huruma. Alilifikiri neno hilo, akaliona ni neno la ombaomba. Alifikiri pia juu ya wote waliopiga magoti chini ya kidole chake. Akikataa leo, basi wale wote walionewa, na yeye maisha yake yote hakuwa kiongozi, alikuwa mtu mkatili mwenye tarumbeta. Hilo hakuwa tayari kulikubali. Akaiweka tarumbeta juu ya kiti.

"Stephano," alisema, "piga ngoma."

Akaja mbele. Goti la kushoto lilishuka. Goti la kulia lilikataa, akalisukuma kwa mikono miwili mpaka likagusa mbao, na maumivu yakampanda hadi menoni. Watu walipiga makofi. Nyuma yake chemko ilianza.

Ngoma hakuzisikia vyema, bali zilimfikia kupitia mbao, zikapiga ndani ya goti moja kwa moja. Mbele yake watu walikuwa wanacheza. Vijana wawili walipiga magoti katikati ya ukumbi wakimwiga, wakitikisa mabega, na wenzao wakawapiga picha pamoja naye nyuma yao. Mtoto mmoja alimsogelea akamtazama usoni kwa karibu, kama mtu anayetazama kuku aliyefungwa miguu. Kornelio alikaza shingo. Alijiambia kwamba wimbo utafika mwisho wake, na mwisho wake aliujua.

Mwisho ukafika, ukapita. Bendi ikarudia. Hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba kidole kilikuwa kinazunguka hewani.

Mwisho ukafika tena, ukapita tena. Jasho lilimwingia machoni. Suruali ya kahawia iliyopigwa pasi asubuhi ilikuwa imelowa mgongoni na magotini. Sasa baadhi ya wazee waliacha kushangilia. Bibi mwenye khanga alisema kwa sauti, "Jamani, basi!" lakini muziki ulimmeza.

Yustina alikuwa amesimama langoni. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma jambo asiloliamini. Alipiga hatua kuja jukwaani, na Kornelio akamtikisia kichwa kumkataza, na yeye, kwa kuwa alilelewa kutii, akarudi nyuma akasimama palepale, kitenge chake kipya kikipepea kidogo kwa upepo wa barabarani.

Ndipo Kornelio alipoelewa kwa nini kiti kile kiliwekwa langoni.

Alielewa pia wimbo utakwisha lini. Hautakwisha kwa maumivu yake, wala kwa huruma ya wazee, wala vijana wakichoka kucheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuweka mwisho huo, usiku ule, alipoungoja mgongo wa kanzu nyeupe.

Akamfanyia binti yake ishara ya mkono: nenda. Yustina akatikisa kichwa. Akamfanyia tena: toka. Yustina akatikisa kichwa tena, akashika nguzo ya lango, kwa sababu alimpenda, na kila alipokataa bendi ilirudia. Kornelio aliona kwamba upendo huo ungemuua palepale. Alibaki na njia moja. Alimkazia macho binti yake, akafanya uso ambao hakupata kumfanyia tangu alipokuwa mtoto, uso aliowafanyia wanamuziki waliokosea, wa mtu anayetazama uchafu. Akaushikilia.

Mkono wa Yustina uliiachia nguzo. Mdomo wake ulifunguka kama anayetaka kuuliza nimekosa nini. Kisha akauchukua mkoba wake kitini, akageuka, akatoka.

Muziki ukakatika.

Vijana wawili walimwinua kwa kumshika makwapa. Goti lilibaki limepinda. Watu walipiga makofi mengi, wakidhani wameona kichekesho kizuri cha wazee, na wengine walikuwa wameshaanza kuagiza vinywaji. Kornelio alijigeuza polepole kuielekea bendi. Stephano alikuwa amelalia tumba zake, kofia usoni. Zubeda alisimama wima, mkono wake uliokuwa ukizunguka sasa umeshuka.

Waliangaliana. Hapakuwa na furaha katika uso wa Zubeda, wala hapakuwa na majuto.

"Nashukuru, Kiongozi," alisema Kornelio.

"Rudi mahali pako."

Akarudi mahali pake, ukingo wa kulia, akiburura mguu. Akaichukua tarumbeta kitini. Zubeda alimwashiria kijana wa gitaa, na gitaa likaanza kuzunguka peke yake upya, kwenye salamu. Kornelio aligeuza shingo yote, akautazama mdomo wa mwimbaji, akangoja. Zubeda alilitaja jina la baba yake taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na tarumbeta haikulia mpaka alipomaliza.